Moma Katika Gunia la Mdalasini

Shangazi yangu aliuza vitu vya msituni zaidi ya nusu ya maisha yake bila kuuona msitu wenyewe. Hiliki, mdalasini na pilipili manga vilimfikia Kariakoo vikiwa vimekwisha kaushwa na kufungwa kwenye magunia, na nadhani moyoni mwake aliamini vinaota kwenye malori. Alizaliwa Dar, kwa wazee waliozaliwa Dar. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya msibani Bagamoyo, na aliporudi alilalamika kwamba kule miti imezidi.

Mimi nilikuwa namsaidia dukani tangu nilipomaliza chuo na kukuta kazi niliyosomea haipo. Tuliishi pamoja Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Asubuhi tulitembea hadi dukani, yeye mbele na baibui lake, mimi nyuma na chupa ya chai. Duka letu lilikuwa dogo, la milango miwili ya kukunja, na lilinukia kiasi kwamba watu waliopita na mafua walipona kidogo.

Ng'ambo ya mtaa, tukitazamana, kulikuwa na dada mmoja anayeuza majani ya plastiki ya kupambia kumbi za harusi. Duka lake lilikuwa kijani kuanzia sakafuni hadi darini: kamba za majani, vichaka vya kubandika ukutani, minazi ya kukunja na kurudisha kwenye boksi. Kila asubuhi aliyapangusa vumbi kwa kitambaa, moja moja. Yeye na Shangazi walisalimiana kwa heshima kubwa na kuchunguzana kwa umakini mkubwa zaidi.

Masika yalikuwa yamekatika tu, na mzigo wa mdalasini ulikuwa umetufikia kutoka Usambara Mashariki. Mzee aliyekuwa akituuzia kule mlimani alikuwa na kawaida ya kutandika majani makavu ndani ya magunia ili magome yasivunjike njiani. Shangazi alimsifu kwa hilo miaka yote.

Siku hiyo alikuja mama mmoja kutoka mtaa wa Gerezani ambaye binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka mdalasini wa pilau ya watu wengi, magome mapana, siyo vumbi. Nikafungua gunia jipya na kulikunja mdomo hadi nusu. Kwa kuwa hakuniamini kuchagua, akainama mwenyewe.

Akakaa vile kwa muda, mkono ukiwa hewani.

"Mwanangu," akasema, "huu mdalasini mbona unapumua?"

"Ni feni hiyo, mama, inapeperusha majani."

"Feni iko kule. Hapa panapumua."

Nikainama na mimi. Niliona magome, niliona majani makavu, na katikati yake niliona kitu kama kipande cha zulia la bei mbaya, kinene kama paja la mtoto mchanga. Kilikuwa na maumbo ya krimu na kahawia yaliyopangwa sawasawa, na pembeni zambarau hafifu. Zulia lilivimba, likanywea, likavimba tena. Kisha nikakiona kichwa. Kilikuwa kipana na bapa, rangi ya jani lililoanguka jana, na katikati kilipitiwa na mstari mwembamba mweusi kama uti wa jani. Juu ya pua palikuwa na vijipembe viwili. Jicho lake lilinitazama bila kuonyesha kwamba limevutiwa.

Halafu akatoa sauti. Ilikuwa kama tairi la lori linalotolewa upepo na fundi asiye na haraka.

Yule mama hakupiga kelele hata kidogo. Aliondoka tu. Kiatu chake cha kushoto kilibaki dukani kwetu, na hadi leo hakuna aliyekuja kukiulizia.

Kelele nilizipiga mimi. Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mizani, alipanda juu ya kiti hicho kwa wepesi ambao magoti yake yalikuwa yamenificha siku zote.

"Ni nini?"

"Nyoka, Shangazi!"

"Mkubwa?"

"Mnene!"

Akafikiri kidogo, juu ya kiti, ameshika ukuta. "Usimpige," akasema. "Utaniharibia mdalasini."

Mara mtaa ulikuwa umejaa. Sijui habari ilisafirije, maana hakuna aliyetoka dukani zaidi ya yule mama, na yule mama alikuwa haongei na mtu, anakimbia tu. Wanaume walifika wakiwa na fimbo, mabomba ya chuma, na mmoja na mwavuli. Wakajipanga mlangoni. Kila mmoja alikuwa tayari kabisa kumuua nyoka, na kila mmoja alimpisha mwenzake kwa adabu ambayo sijawahi kuiona Kariakoo hata kwenye foleni ya msiba.

"Tangulia kaka."

"Hapana, wewe una bomba."

"Bomba fupi hili. Mwenye mwavuli apite."

Mwenye mwavuli akasema yeye alikuja kuangalia tu.

Wenye simu walikuwa jasiri zaidi. Kijana mmoja alipanda begani kwa mwenzake akarekodi kwa juu, huku akitangaza kwamba huyo ni chatu wa Kongo, ameingia kwa kontena bandarini, ana urefu wa basi la mwendokasi. Ndani ya gunia la kilo chache. Hakuna aliyemuuliza basi limekaaje humo. Kabla ya adhuhuri binamu yangu alinipigia kutoka Mtwara akilia. Aliambiwa Shangazi amemezwa, akataka kujua maziko ni saa ngapi.

"Hajamezwa, yuko juu ya kiti."

"Amepandaje na magoti yale?" akauliza, na nikaona kwamba habari hiyo imemshangaza kuliko ile ya kwanza.

Tulichofanya kilikuwa wazo la Shangazi. Nyuma ya duka tulikuwa na pipa la bluu la maji, lenye tundu lililokuwa na bomba zamani. Tukalimwaga. Wapagazi wawili, waliokubali kwa sharti la kutogusa sakafu, walipanda juu ya kaunta na kuliteremsha kwa kamba, mdomo chini, hadi likalifunika gunia lote pamoja na mkazi wake. Juu yake tukaweka mfuko wa chumvi ya mawe. Lile tundu sasa lilikuwa usawa wa kiuno cha mtu mzima, na Shangazi akasema lisizibwe, kiumbe apate hewa.

Mwenyekiti wa mtaa alifika akiwa na koti la suti. Alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la majani ya plastiki, na kutoka huko akatuhutubia. Alisema serikali ya mtaa iko pamoja na sisi. Alisema tuwe watulivu. Alisema hali imedhibitiwa, nami nikamtazama Shangazi aliyeidhibiti, akiwa ameketi sasa, anapepea uso kwa kifuniko cha boksi. Kisha mwenyekiti akapiga simu sehemu zinazohusika na wanyamapori. Akajibiwa kwamba mtaalamu wa nyoka yupo, ila amekwenda mkoani kwa sababu ya nyoka mwingine. Akirudi atakuja.

Basi tukabaki na pipa katikati ya duka.

Siku iliyofuata hakuja mteja hata mmoja. Watu walipita mbali, wengine wakivuka barabara kabisa. Nilipokwenda kununua vitumbua, muuzaji alinikabidhi kwa kunitupia. Mchana ndipo nikajua sababu. Dada wa majani ya plastiki alikuwa anazungumza na wateja wake, na kwa bahati mbaya ana sauti ya kuuzia kumbi nzima.

"Mimi nilijua zamani," alikuwa anasema. "Biashara gani hailali mwaka mzima? Wengine tunapangusa vumbi tu hapa. Kumbe mwenzetu anafuga. Ni joka la utajiri lile. Linakaa kwenye gunia, linakula mayai na maziwa, linatapika hela. Sasa siku hiyo limechelewa kupewa chakula, likatoka kujionyesha."

Nikarudi na kumweleza Shangazi. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Mwanamke huyu alifungua duka kila siku kabla ya jirani zake na kulifunga baada yao, alipepeta hiliki hadi macho yakawa mekundu, na tangu mumewe afariki hakuwa na mtu wa kumsaidia kubeba ila mimi. Alichezea kijiko cha mizani.

"Mayai na maziwa," akasema mwisho. "Mimi mwenyewe asubuhi nimekunywa chai ya rangi."

Niliona macho yake yamelowa, nikakasirika kwa namna ambayo sikujua ninayo. Nikasema nitavuka barabara nikamwambie yule dada maneno. Akanikataza. "Ukivuka, watasema nimekutuma na nyoka mfukoni."

Nilidhani duka limekufa. Nilikuwa siwajui watu wa mji wangu.

Siku ya pili yake, tulipokunja milango, palikuwa na foleni. Mwanzoni nilifikiri ni wale wanaume wa fimbo wamerudi na ushujaa mpya. Hapana. Walikuwa wateja, wamevaa vizuri, wanasalimia kwa upole. Wa kwanza alikuwa bwana wa tai, mtu wa ofisini, ana kitambulisho shingoni alichokigeuza upande wa nyuma. Akaagiza hiliki kidogo. Nilipompimia, akainama sikioni kwangu.

"Dada, samahani. Ile ya kwenye lile gunia haiuzwi?"

"Gunia gani?"

Akaelekeza kwa kidevu. "Lile. Hata kagome kamoja. Nitaweka tu kwenye droo."

Nikamwambia lile gunia lina nyoka mwenye sumu, na kwa siku zote hizo nyoka huyo hajapewa ruhusa ya kwenda chooni. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayejua kwamba mwenye mali lazima aifiche mali yake.

"Naelewa," akasema. "Siri ya biashara. Ila nisaidie kitu kimoja. Anakula saa ngapi?"

Wakaja wengine. Mama wa kikoba alileta trei la mayai na kuliacha kando ya pipa bila kusema neno. Mwanafunzi wa chuo alitaka kupiga picha akiwa ameegemea pipa, halafu akaomba kuligusa kwa mkono wa kulia tu. Wote walinunua kitu, wasionekane wamekuja kwa jambo lile. Pilipili manga ikaisha. Karafuu ikaisha. Watu waliokuwa wanasema jana Shangazi ni mshirikina walikuwa leo wanamlaumu kwa uchoyo. Ng'ambo, dada wa majani ya plastiki alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi, hapangusi, anahesabu vichwa vya watu kwa macho.

Shangazi aliuza kilichokuwa kwenye rafu, kwa bei ya siku zote, na uso wake haukuwa na furaha. Kila aliyeuliza habari za gunia alijibiwa neno moja: "Haliuzwi." Mayai alinituma niyapeleke kwa jirani yetu wa chini kule Mchafukoge mwenye watoto wengi. Nilipomwambia kwamba tungeweza kupata mengi siku ile, akaniangalia hadi nikajisikia mdogo.

"Mimi nauza viungo," akasema.

Mtaalamu wa nyoka alikuwa bado hajarudi kutoka mkoani. Badala yake akaja mtaalamu mwingine, wa aina ile ambayo namba zao za simu zimebandikwa kwenye nguzo za umeme, wanaorudisha wapenzi, wanaopandisha vyeo, na wanaotibu mambo yasiyoandikika hapa. Alivaa kanzu nyekundu juu ya suruali ya jinzi, na shingoni alikuwa na makombe ya baharini. Watu wakampisha. Hata wapagazi walitua mizigo.

"Mama," akamwambia Shangazi kwa sauti ya kusikiwa na mtaa, "nimekuja kwa amani. Huyo ni wangu."

"Nani?"

"Huyo aliye ndani. Alitoroka kwangu. Nimemtafuta nchi kavu na baharini."

Watu wakaguna. Shangazi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe ana mwenyewe! Basi mchukue, baba. Wapagazi hawa watakuinulia pipa, wewe ingiza mkono umtoe."

Mtaalamu wa nguzo hakutegemea ukarimu huo. Alitegemea tubishane, nadhani, kisha tuelewane. Akakohoa. Akasema kwanza lazima wazungumze. Akapiga magoti mbele ya lile tundu, akasogeza mdomo karibu, akaanza kunong'ona maneno ya lugha ambayo mmoja wa wapagazi, Mmakonde, alisema siyo Kimakonde, na muuza soksi, Mngoni, akasema siyo Kingoni.

Kutoka ndani ya pipa likaja lile tairi la lori. Upepo ulitoka, ukatoka, ukaendelea kutoka.

"Amekasirika," mtaalamu akatueleza, jasho likimtiririka. "Hanitambui. Ni hii harufu ya hiliki, imemvuruga."

Akarudisha uso kwenye tundu kumwelewesha zaidi. Na hapo, taratibu kabisa, kikatokeza kichwa. Siyo kile kikubwa. Kilikuwa kichwa kidogo kama kokwa ya tende, chenye vijipembe na mstari uleule, kikatoka nje ya tundu na kumtazama yule bwana puani.

Sijui kama kweli aliruka kinyumenyume au watu wameongeza baadaye. Mimi niliona nyayo zake zikiwa usawa wa kaunta. Makombe yalikatika na kutawanyika sakafuni, na mtaa mzima ukaondoka kwa pamoja, mwenyekiti akiwa mbele na koti lake.

Tuliobaki ni mimi na Shangazi. Mimi nilibaki kwa sababu miguu ilikuwa haifanyi kazi. Yeye akachukua upawa mrefu wa mbao, akaukunjia kitambaa mwishoni, na kwa utulivu wa mtu anayezuia uji usifurike, akakisukuma kile kichwa kirudi ndani na kuliziba tundu. Akasimama vile, upawa ameukaza.

"Shangazi," nikasema, "ni mdogo. Amekuwaje mdogo?"

"Sijui. Lete kamba."

Tulifunga upawa kwa kamba kulizunguka pipa, tukafunga duka, na mimi nikampigia simu mwenyekiti, nikamwambia kwamba asipompata mtu wa wanyamapori, pipa nitalipeleka mlangoni kwake. Nadhani maneno hayo yalifungua barabara, maana mtaalamu alifika kesho yake asubuhi.

Alikuwa msichana mwembamba mwenye buti za mpira, fimbo ya chuma yenye ndoano, na maboksi ya mbao yenye matundu madogo. Alionekana hajalala vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Kule nilikokwenda walimuua kabla sijafika," akasema, na ikaonekana bado inamuuma. "Asante kwa kutomuua huyu."

"Ni kwa ajili ya mdalasini," Shangazi akasema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuchukua sifa isiyo yake.

Yule msichana akatuomba tusimame juu ya kaunta. Akaondoa chumvi, akainua ukingo wa pipa kidogo, akamulika kwa tochi. Akapiga mluzi mdogo.

"Mama, huyu amezaa."

"Hongera," akasema Shangazi.

Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka ya kutembelea wazazi. Tukatazamana, mimi na yeye, juu ya kaunta, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya yule mama wa Gerezani tukacheka. Tulicheka hadi nikashika bati la dari nisianguke. Msichana wa buti alitusubiri kwa uvumilivu.

Alitueleza huku anafanya kazi. Huyo ni moma, wa msitu wa mvua. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, wengi kwa mkupuo mmoja, na kila mtoto huzaliwa na sumu yake. Maisha yake yote ni kulala kwenye majani makavu chini ya miti mikubwa na kungoja panya apite, hata kama ni siku nyingi. Ni mpole kwa kiasi cha kushangaza. Watu wengi hupita karibu naye na wasijue. Pengine aliingia kwenye gunia kule mlimani akifuata majani, akaona panamfaa.

"Hakujaribu kumuuma mtu muda wote huo?" nikauliza.

"Yeye alikuwa anataka kutulia tu. Anataka asisumbuliwe."

Mama mtu alitolewa kwanza, kwa ndoano na koleo ndefu, akaning'inia mzito kama furushi la nguo mbichi, akaingia boksini bila ubishi. Kisha watoto, mmoja mmoja. Msichana akapepeta mdalasini wote gome kwa gome hadi aliporidhika kwamba hakuna aliyebaki. Ilichukua asubuhi nzima.

Mlango ulikuwa umefungwa, lakini ukagongwa. Nikafungua upenyo. Alikuwa dada wa majani ya plastiki. Alijitanda mtandio hadi puani, kama mtu anayekwenda asikotaka kujulikana.

"Nimesikia wamezaliana," akanong'ona.

"Ndiyo, dada."

Akamtazama Shangazi, akashindwa, akamgeukia yule msichana. "Mdogo wangu, mimi siyo mtu wa makuu. Naomba mmoja tu. Mdogo. Wa kuanzia."

Msichana wa buti alidhani hajasikia vizuri. "Wa kuanzia nini?"

"Biashara."

"Dada, huyu akikuuma utakufa."

"Sawa, nimeelewa. Lakini ataleta?"

"Ataleta msiba!"

Yule dada akatafakari, na niliona kabisa kwamba anapima. Nikategemea Shangazi sasa atasema yote aliyoyameza. Badala yake alishuka kwenye kaunta kwa shida, magoti yakiwa yamerudi katika hali yake, akamimina chai kutoka kwenye chupa yetu, akampa.

"Kunywa," akamwambia. "Biashara ngumu kwetu sote."

Dada akanywa amesimama, macho chini. Alipomaliza akasuuza kikombe mwenyewe. Toka siku hiyo hajasema neno baya juu yetu, angalau si kwa sauti ile.

Msichana alitaka nyoka warudi palepale walipotoka, na anayewasiliana na mzee wa mlimani kwa simu alikuwa mimi. Shangazi akanikubalia kwa sharti moja: "Hakikisha wameshuka wote." Basi nilipanda gari la wanyamapori, nikakaa kiti cha nyuma na maboksi yenye pumzi nyuma ya kichwa changu, tukapita Chalinze, tukapita Segera, na tulipofika Muheza tukaanza kupanda.

Nilikuwa nimeona msitu kwenye kalenda. Kalenda hazisemi kwamba kuna baridi ya kuingia kwenye mifupa, kwamba majani yanadondosha maji hata mvua ikiwa imekwisha, na kwamba kuna ukimya ambao mtu wa Kariakoo anaudhania ugonjwa wa masikio. Nilijaribu kutembea bila kukanyaga popote. Haiwezekani, nawaambia.

Msichana alifungua boksi la mama mtu kwenye kiota cha majani makavu kati ya mizizi ya mti mkubwa. Moma akatoka polepole, amenyooka kama kiwavi, bila kututupia hata jicho. Akafika kwenye majani, akatulia. Nilikuwa namtazama. Nasema kweli, sikupepesa. Na bado akapotea palepale mbele yangu. Yale maumbo yote yaliyoonekana kama zulia la bei mbaya dukani kwetu, pale yalikuwa ni jani, kivuli, jani, gome, kivuli. Alikuwepo, na hapakuwa na mtu.

"Bado yupo?" nikanong'ona.

"Yupo pale pale."

Nilijisikia vibaya kidogo kwa sababu ya lile pipa la bluu. Watoto tukawaachia hapo karibu, nao wakayeyuka hivyohivyo.

Mzee wetu wa mdalasini alitupokea kwa ndizi za kuchoma na kuomba radhi nyingi kwa kosa ambalo si lake. Alitaka kujua Shangazi anaendeleaje. Baadaye, msichana alipokwenda kuangalia gari, akanisogelea.

"Mwanangu, niulize kitu. Huku tumesikia kwamba huko Dar watu wanafuga hawa, eti wanatapika hela. Ni kweli?"

"Si kweli, babu."

"Nami niliwaambia. Maana sisi huku tunao tele, tunawaruka kila siku." Akageuka kuitazama nyumba yake ya udongo, bati limeshika kutu upande mmoja. "Wangekuwa wanatapika, mimi si ningeezeka?"

Nilirudi na habari zote. Shangazi alikuwa amekwisha lichoma moto lile gunia pamoja na magome yake, ingawa bwana wa tai alirudi mara mbili kuliulizia. Foleni iliisha taratibu watu walipoona pipa limerudishwa nyuma na kujazwa maji. Wateja wa zamani wakarejea, wakaanza tena kulalamika kuhusu bei, na hapo Shangazi akapumua.

Ila alinihoji. Usiku na mchana, alinihoji kuhusu msitu. Mti wa mdalasini ni mrefu? Unachubuliwaje? Haulii? Hiliki inazaa juu au chini? Mimi nilikuwa nimeona vitu vichache, kwa kuwa muda mwingi nilitazama miguu yangu, na majibu yangu hayakumridhisha.

Mavuno yaliyofuata alisema anakwenda mwenyewe. Tulikodi gari. Alivaa soksi za mpira wa miguu juu ya soksi zake. Tulipofika akatazama nje, akatazama ile miti ilivyosongamana na unyevu unaoning'inia, akasema ameona, inatosha, na hakushuka. Mzee wa mlimani alimsalimia kupitia kioo. Alipoombwa sana, Shangazi akateremsha kioo kiasi cha vidole viwili, na mzee akakata jani bichi la mdalasini, akalikunja, akalipitisha kwenye upenyo.

Shangazi akalisugua kiganjani, akalipeleka puani. Alikaa nalo muda mrefu, macho yamefumba, sisi tumesimama nje kwenye matope tunamsubiri.

"Kumbe mbichi unanukia hivi," akasema, kisha akanyoosha mkono kuomba lingine.